Unene Uliotiliwa Shaka

Nilipoanza kunenepa, watu wa mtaani kwetu Chapwa walinipongeza. Nauza vitenge Tunduma, na wenzangu wa vibanda vya jirani walisema, "Mambo yamekunyookea, mama." Nilicheka nao. Lakini nyumbani, mbele ya kioo, niliona unene wenyewe ulikuwa unachagua. Ulijaa usoni, tumboni na nyuma ya shingo, ambako nyama ilituna kama nundu. Mikono na miguu ilikuwa inapukutika.

Mume wangu ndiye aliyeanza kunishuku. Huendesha lori la mizigo kuingia Zambia, na kila akirudi alinikuta nimebadilika zaidi, ingawa ugali nilikuwa naubakiza. Jioni moja nilimkuta amemwaga mkoba wangu kitandani.

"Unatafuta nini, baba watoto?"

"Vidonge. Wanawake wanavinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wanenepe. Niambie ukweli tu."

"Sijawahi kuvimeza."

Akavirudisha vitu mkobani kimoja kimoja, bila kuniangalia.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Isansa. Kabla hata hajakaa, alinishika tumbo. "Mwanangu, huyu wa miezi mingapi?" Nikamwambia hakuna mtoto, ila siku zangu zilikuwa zimekatika. Akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama chini, na nikajua anahesabu safari zake. Nilipima mimba, haikuwepo. Hata hivyo mume wangu alilala amenipa mgongo.

Yeye naye hakusalimika na shaka za watu. Ngozi yangu ilikuwa laini kama karatasi iliyolowa. Nikijigonga kidogo tu, inatoka alama nyeusi. Mama mmoja wa kanisani alinivuta pembeni baada ya ibada. "Anakupiga?"

"Hapana."

"Sote huwa tunasema hivyo," alijibu. Tangu siku hiyo kina mama wakaacha kumsalimia mume wangu.

Siku moja nilichuchumaa kibandani kukunja vitenge, nikashindwa kuinuka. Mapaja yalikataa kabisa. Mume wangu, ambaye alikuwa amenifuata, aliniinua kwa makwapa. Blauzi ikapanda, akaiona michirizi ya zambarau iliyopasua ngozi ya tumbo langu, mipana kama kidole.

"Hii siyo mimba," akasema.

Kesho yake tukaenda hospitali Mbeya. Hata daktari alianza kwa kumtoa mume wangu nje. Akaniuliza kama napigwa, kama napaka krimu za kujichubua, kama nameza vidonge vya kunenepa.

Nikakana yote. "Na wewe unadhani nadanganya," nikamwambia.

"Nauliza kwa sababu baadhi ya krimu na vidonge hivyo vina dawa inayofanana na homoni ya mwili, na huleta sura hii hii. Kama hutumii, basi huenda mwili wako wenyewe unaitengeneza kupita kiasi."

Presha ilikuwa juu, sukari nayo juu. Wakapima damu na mkojo, kisha picha ikaonyesha uvimbe kwenye tezi ndogo iliyokaa juu ya figo ya kushoto. Daktari akamwita mume wangu, akatueleza: homoni ile ikizidi hula misuli, hurundika mafuta tumboni na usoni, na hupandisha sukari.

Tulipotoka, mume wangu alisema, "Nisamehe." Nilimtazama, nisijue kama ameniamini mimi au ameiamini picha.

Nilifanyiwa upasuaji, tezi ile ikatolewa. Kwa miezi mingi nilikuwa mnyonge, nikimeza dawa za kujazia homoni, maana tezi ya upande wa pili ilikuwa imelala. Polepole uso ukarudi, presha na sukari zikashuka, nikaweza tena kuchuchumaa na kuinuka.

Mama mkwe alipokuja tena, alinikagua kuanzia shingoni hadi miguuni. "Mbona unakonda hivi, mwanangu? Umepima damu?"

Mume wangu akawahi kujibu. "Mama, mwache. Amepona."

Nikaingia jikoni kuchochea moto. Nilimsikia akiyarudia maneno yale yale, safari hii kwa Kinyiha, taratibu, ili mama yake asije akasema hakuelewa.