Fomu Niliyoijaza Yote

Kosa hili ni langu mwenyewe, na bado najilaumu.

Shamba la mkonge nililofanyia kazi pale Kilosa lilipobinafsishwa, nilipata kazi ya kutunza ghala katika hoteli mpya Mikumi. Barua ya ajira ilisema mwajiri atamlipia mfanyakazi anayehama gharama za kuuza nyumba: dalali, mwanasheria na ada ya mtaa. Niliisoma mara tatu, kisha nikauza nyumba aliyoijenga marehemu baba. Mama, anayeishi kwa dada yangu Ruhembe, nilimwambia nimeipangisha. Nilipanga kumweleza ukweli nikishatulia kazini.

Kwa nyumba za urithi, fomu ya madai ilitaka jina la mzazi au ndugu aliyeridhia mauzo.

"Baba Rehema, hapo paache wazi," mke wangu alinionya.

Lakini mimi sipendi fomu yenye nafasi tupu. Niliandika jina la mama kwa herufi kubwa, na kwa umakini wangu wa kijinga nikaongeza kijiji na kitongoji. Nilidhani karatasi za ofisini hulala ofisini.

Wiki iliyofuata mhasibu aliniita. Gari la hoteli lilikuwa limemleta mama, naye alikaa mbele ya meza, fomu mkononi.

"Shikamoo, mama."

Alinisogezea ile fomu.

"Wanataka niweke dole gumba kwamba niliridhia nyumba ya baba yako iuzwe," alisema, wenzangu wote wakisikia. "Nimewaambia wamekosea mtu, mwanangu ameipangisha. Hebu waambie."