Mwisho Ambao Mama Hakuuona

Avril Thackray wa mji wa Keighley hakuwa mtu wa kumeza neno. Miaka thelathini na mmoja alipika chakula cha shule, na watoto aliowapakulia, ambao leo wenyewe wana wajukuu, wakikutana naye sokoni bado wanatoa mikono mifukoni. Alipostaafu, ukali wote ule ukahamia kwenye televisheni. Kila siku ya pili ya Krismasi, saa tano asubuhi, redio ya mkoa hufungua laini za simu ili watu watoe maoni yao juu ya vipindi vya sikukuu, na Avril hakukosa hata mwaka mmoja. Mtangazaji, Lorna Sugden, alikuwa amembandika jina la jaji. "Haya, Bi Avril, hukumu!" Naye anaitoa. Mwaka juzi alisema aliyeandika kipindi cha saa mbili usiku arudishwe shule, na kwamba chakula cha mchana atampikia yeye mwenyewe. Watu walicheka mpaka Machi.

Sasa ilikuwa saa tano na robo, redio inaongea juu ya friji, na jaji amekaa jikoni anakatakata nyama baridi ya bata mzinga. Simu ilikuwa palepale mezani. Hakuigusa.

Kisa ni *Gia ya Nyuma*. Nani asiyeijua? Bwana Mobbs ana shule ya udereva na mwenyewe hana leseni. Basi ndiyo vichekesho hivyo, hakuna zaidi. Mama yake Avril alikuwa akiipenda kuliko kanisa. Miaka sita iliyopita, jioni ya Krismasi, walikaa watatu kuitazama: mama kwenye kiti chake, mapafu yamekwisha, Avril pembeni yake, na Neville, mdogo wake Avril, karibu na mlango. Mama alicheka. Avril naye akacheka kwa kumwona mama anacheka. Halafu kicheko cha mama kikageuka kikohozi, kikohozi kikakosa pumzi, na Neville akanyanyuka akaizima televisheni, kipindi hakijaisha. Mama alikaa anakitazama kile kioo cheusi. Siku mbili baadaye akafariki.

Waliyatoa ya moyoni baada ya mazishi, katika jiko hilihili.

"Mama anakata pumzi, wewe unacheka," Neville alisema.

"Na wewe ukamzimia," Avril akajibu. "Kitu cha mwisho alichokitaka duniani, ukamzimia."

Toka siku ile hawakusemeshana. Neville yuko Skipton, si mwendo wa kusema ni mbali, lakini ingekuwa Australia ingekuwa vilevile. Kadi za Krismasi tu ndizo hawakuziacha, maana kwa watu wa kule unaweza kumchukia ndugu yako mwaka mzima, ila kutomtumia kadi ni sawa na kumzika. Mwaka wa kwanza ilikuja ya "Heri ya Krismasi, kutoka kwa Neville." Miaka ikienda, maneno yakawa yanapungua. Mwaka jana ilikuja imeandikwa "Neville", basi. Hata nukta hakuweka.

Mwezi Novemba, Avril alipokaa na daftari lake la kadi, aliifikiria ile "Neville" damu ikamchemka. Mtu mzima wa miaka sitini na minane anakutumia sahihi kama anapokea mzigo! Akachukua kalamu akalikata jina lake. Kadi ya Neville ikaja tarehe ishirini na mbili kama kawaida yake, picha ya ndege mwekundu juu ya mpini wa jembe, na ndani "Neville". Avril akaiweka nyuma ya zote, pale dirishani. Usoni alijifanya hajali. Moyoni ilimuuma, lakini siku ya mwisho ya kuposti ilikuwa imeshapita, na kupiga simu hakuwezi. Ampigie aseme nini?

Halafu jana *Gia ya Nyuma* ikarudi, kipindi kipya cha Krismasi baada ya miaka yote hiyo. Avril aliapa atakitazama kwa macho tu. Alivumilia dakika kumi na tano. Bwana Mobbs aliporudi kinyumenyume na gari mpaka ndani ya zizi la maigizo ya kanisani, malaika mmoja akabaki ananing'inia kwenye kioo cha pembeni, Avril alicheka akajifuta machozi kwa kofia yake ya karatasi ya sikukuu. Ndipo sauti ya Neville ikamjia: wewe unacheka. Kicheko kikakatika hapohapo, akabaki na sahani magotini, peke yake. Sasa leo akaseme nini redioni? Kwamba alicheka?

Redioni, bwana mmoja wa Bingley alikuwa analalamika. "Ule utani umechakaa kuliko soksi zangu, Lorna." Mama mmoja akasema yeye amelipenda zizi, ila malaika wangempa blanketi, mtoto wa watu, kwa baridi ile.

"Asanteni," Lorna akasema. "Sasa tuna Neville, wa Skipton. Neville, kipindi ulikionaje?"

Kisu cha Avril kikasimama juu ya nyama.

"Mimi sina maoni," sauti ikasema. Ilikuwa ya mdogo wake, imezeeka. "Nilitaka kuuliza. Yule Avril wa Keighley amepiga leo?"

"Jaji wetu? Bado. Na sisi tunamsubiri."

"Huwa hapitishi saa tano na dakika kumi. Kila mwaka. Mimi huwasha redio kwa ajili yake, akimaliza nazima." Akakohoa kidogo. "Na mwaka huu sijapata kadi yake."

"Mnafahamiana, Neville?"

"Ni dada yangu," akasema. "Nina wasiwasi labda... basi. Nimetaka kujua tu kama yuko hai."

"Ala! Mpumbavu wewe," Avril aliiambia redio, na machozi yalikuwa tayari yanamtoka. Akanyakua simu, akabonyeza namba ya Skipton ambayo vidole havikuwa vimeisahau. Inatumika. Akabonyeza tena. Inatumika! Bila shaka inatumika, si yuko hewani? Kwa hiyo ilibaki namba moja tu, ya redio. Mwanamke aliyekuwa haelezi mambo ya nyumbani kwake hata kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, ilibidi ayamwage mbele ya mkoa mzima.

"Bi Avril!" Lorna alipiga kelele. "Jamani, yuko hai! Neville, usikate."

"Niko hapa," Neville akasema.

"Sikukutumia kadi," Avril akasema.

"Najua hukutuma. Si ndiyo maana nimepiga."

"Na wewe unaniandikia 'Neville' tu. Neville! Kana kwamba mimi ni karani wa posta."

"Sikujua niandike nini, dada. Kila mwaka nakaa na kalamu nusu saa."

Lorna, ambaye kazi yake ni kuongea, safari hii alikuwa na akili ya kunyamaza kwanza. Halafu akauliza taratibu, "Bi Avril, hukumu ya jana?"

Avril akashusha pumzi. "Nilicheka," akasema. "Wee Neville, unasikia? Nilicheka sana."

"Na mimi," Neville akasema. "Pale kwa malaika." Sauti yake ikayumba. "Sikupaswa kukizima kipindi kile, Avril. Niliogopa. Nikaona nikikizima atapumua."

"Najua uliogopa. Umekula?"

"Bado."

"Basi njoo. Leo hakuna mabasi, chukua gari, na uendeshe taratibu."

Alifika saa nane na nusu, kofia mkononi, na kwapani gazeti la ratiba za televisheni, lile nene la Krismasi ambalo kila nyumba huzungushia kalamu vipindi vyake mapema. La Avril lilikuwa na miduara kurasa zote isipokuwa sehemu moja: leo, saa tisa alasiri, ambapo wangerudia kile kipindi cha miaka sita iliyopita. Alipoliona tangazo lile alifunua ukurasa haraka. Katika gazeti la Neville palikuwa na duara moja tu, na lilikuwa hapohapo.

"Kumbe na wewe hujawahi kukimaliza," Avril akasema.

"Ningekimaliza na nani?"

Wakakaa, sahani magotini, kiti cha mama katikati yao. Ilipofika mahali pale, Bwana Mobbs yuko juu ya paa la kituo cha polisi na bata mzinga hai, Neville aliichukua rimoti akaiweka mapajani mwa dada yake. Zilikuwa zimebaki dakika saba, na dakika saba hizo mkono wa Avril ulikuwa juu ya mkono wake.

Mwishoni kabisa, Bwana Mobbs akaamka kitandani. Ilikuwa ndoto. Paa, polisi, bata mzinga, vyote alikuwa anaota. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Wakatazamana.

"Ndoto?" Avril akasema.

"Miaka sita, dada," Neville akasema. "Miaka sita sipati usingizi kwa ajili ya huu upuuzi."

"Huo ndio mwisho? Aliyeuandika akamatwe!" Halafu akakigeukia kiti cha mama, sauti ikamlainika. "Hukukosa kitu, mama. Wallahi hukukosa kitu."

Neville ndiye aliyeanza kucheka. Avril akafuata, wakacheka mpaka sahani zikagongana, na safari hii hakuna aliyenyanyuka.