Kiraka Juu ya Nyota

Siku yangu ya kwanza kazini London nilikabidhiwa kiti, kompyuta na kiraka. Kiraka chenyewe ni duara jeusi la kubandika juu ya kitovu cha kila galaksi pichani, kwa kuwa pale mwanga ni mwingi na huichanganya kompyuta. Niliondoka nyumbani Woolwich asubuhi nikiwa mwanaastronomia, nikarudi jioni fundi viraka.

Picha zetu zilitoka kwenye darubini ya infraredi, yaani inayopokea mwanga wa joto ambao jicho halioni. Mwanga huo hupenya vumbi. Na vumbi zito liko wapi? Kitovuni, ambako nyota kubwa huzaliwa na kufa kwa mlipuko uitwao supanova. Yaani tulipata jicho la kupenya vumbi, tukalifumba palepale penye vumbi! Hasira hiyo haijanitoka hadi leo.

Mkuu wa Kitengo alikuwa Mpunjabi mzaliwa wa Nairobi, mkazi wa Southall, na Kiswahili chake kilitoka akitaka kunibembeleza. Siku moja nikasema liwalo na liwe, nikabandua kiraka kwenye galaksi moja ya jirani. Kwa kompyuta nikaitoa picha yake ya zamani kwenye mpya, kama hesabu ya kutoa, ili kibaki kilichobadilika tu. Kikabaki kitone kinachong'aa. Nikamwita.

"Hiyo ni noise tu, dada. Rudisha mask."

"Darubini ilisogezwa, Daktari, na kitone kikahama pamoja na galaksi. Uchafu wa kamera ungebaki ulipokuwa."

"Lakini kwa mwanga wa kawaida hakuna kitu."

"Si kimefunikwa na vumbi!"

"Tukifungua hii moja, itabidi tufungue zote. Nani atafanya hiyo kazi?"

"Mimi."

Akacheka. Niliomba darubini iangalie tena kabla nyota ile iliyolipuka haijafifia; ombi lilihitaji idhini yake, naye akanizungusha wee mpaka ikafifia. Bila kuthibitishwa mara ya pili, supanova haihesabiwi. Nyota nzima ililipuka, na kwetu ikawa haikufa.

Nyinyi mnaoanza kazi mtaambiwa makosa ya namna hii ni ya kawaida. Uzembe ukizoeleka bado ni uzembe.

Siku ya kustaafu kwangu Mkuu alikuja kuniaga, akaniletea picha ya galaksi ileile, ndani ya fremu nzuri. Katikati kiraka kilikuwa bado kipo. Watu walipiga makofi. Nikachukua wino mweupe wa kusahihishia mezani, nikatia kitone juu ya kioo, mahali pake hasa.

"Dada, hata leo?"

"Hata leo, Daktari. Sasa piga makofi."