Wimbo wa Kuze Mlangoni Kwetu

Sikuwahi kumwonea mtu wivu wa dhahabu. Mwanamke akipita na vikuku mpaka viwikoni, mimi namwombea Mungu asitumbukie kisimani, basi. Wivu wangu ulikuwa wa maneno. Na katika miaka ya vita vikuu vya pili, hapa Mji wa Kale, mwanamke mmoja wa mtaa wa Kuze alitunga wimbo ulioninyima usingizi kuliko hofu ya mabomu.

Siku hizo wanawake wa Mombasa tulikuwa na vyama vya lelemama, ngoma yetu ya wanawake. Sisi wa mtaa wa Ndia Kuu tulikuwa na chetu, wa Kuze walikuwa na chao, na baina yetu hapakuwa na salama. Wakishona sare nyekundu, sisi twashona ya kijani yenye tarizi. Tulipanda juu ya mabenchi, tukayumbisha mikono polepole, nyuso zimetulia kama za maharusi, na huku midomoni twawachana wenzetu vipande vipande. Aliyetunga maneno hayo upande wetu nilikuwa mimi. Upande wao alikuwa yeye. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukikaa mkeka mmoja, na tangu wakati huo mwalimu alikuwa akimsifu yeye kwanza.

Chama chetu kilikuwa na sheria zake, na iliyo kali kuliko zote ilikuwa hii: wimbo wa Kuze haupiti mdomoni mwa mtu wa Ndia Kuu. Ukisikika unauimba hata jikoni, faini yako ni sinia la pilau kwa chama kizima, na mchele wakati ule ulikuwa wa kupimiwa. Ukiuimba hadharani, unashuka benchi na hupandi tena. Sheria hiyo niliitilia mkazo mimi mwenyewe.

Vita vilitugusa sote. Ndugu yangu, mwana wa kiume wa pekee wa mamangu, alichukuliwa kuendesha malori ya jeshi. Walimpeleka Habasha, kisha Bama kwenye vita vya Mjapani. Mume wa yule mtungaji wa Kuze alikuwa baharia, mtia makaa katika meli zilizobeba askari kutoka Kilindini. Lakini ngoma hatukuacha. Taa zikifunikwa vitambaa vyeusi zisionwe na ndege za vita, nasi twacheza mchana. Nilitunga nyimbo za kuwacheka Kuze kwa viatu vyao, kwa biriani yao iliyoungua, kwa bibi harusi wao aliyepiga chafya mbele ya wageni. Nilikuwa hodari, sifichi.

Basi kukawa na harusi Kuze. Desturi ilikuwa kwamba wenzenu wakicheza mwende mkasimame kando, mjifunike mabuibui yenu vizuri na mtege masikio, ili matusi yao myapate yangali moto na jibu lipikwe usiku ule ule. Nilisimama hapo nikingoja nitukanwe. Yeye akapanda benchi, akashika tari, akaanza:

Wekani chini silaha, waume mrudi kwenu,
Nyumba hazina furaha, pasi na sauti zenu,
Mama havyai shabaha, muuwaye ni mwenzenu.

Nikangoja kijembe. Hakikuja. Beti ya pili, ya tatu, hakuna kijembe wala hakuna Ndia Kuu. Aliwaimbia watu wa vita, wale wa huku na wale wa kule, akiwasihi waache. Kando yangu bibi mmoja wa chama chetu, mtu mzima, alikuwa analia, na machozi anayapangusa kwa leso ya sare yetu. Sare yetu!

Nilirudi nyumbani nimefura. Mama havyai shabaha. Nani alimpa neno hilo? Mama hazai mwana awe wa kulengwa! Shabaha ni neno la askari, la kulengea bunduki, nami ndugu yangu alikuwa ameniandikia barua kuhusu mazoezi ya shabaha kabla ya mtu yeyote Kuze kulisikia. Lilikuwa langu kwa haki. Nililala nalo chini ya mto na sikuliona. Yeye kalikuta hewani, kalishika, kaliweka mahali pake. Nikakaa nikipima mizani ya wimbo wake kwa vidole juu ya goti, nikitafuta kipande kilichozidi au kilichopungua. Nane, nane. Nane, nane. Hakuna hata kimoja kilichopwaya.

Nikatunga wa kwangu wa amani. Nilitia radi, nikatia ngurumo, nikatia maneno ya Kiarabu ambayo hata mwalimu angelazimika kuyatafuta. Tulipouimba, wanawake walipiga miayo. Mamangu, aliyekuwa mtu wa huruma, aliniambia, "Mzuri mwanangu, ila una kelele."

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi moja nikashuka nikamkuta mamangu huyo huyo anachagua mawe ya mchele kwenye uteo, na mdomoni, chini kwa chini, waume mrudi kwenu, waume mrudi kwenu. Nikafunga dirisha haraka.

"Mama! Tutatozwa faini!"

"Na wanitoze. Mwana nimemvyaa mimi, hakuvyawa na chama."

Kisha barua za ndugu yangu zikakatika. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Mama akakonda, na siku moja mbele ya shangazi zangu wote alisimama mlangoni, akaweka mkono juu ya mwimo, akaweka nadhiri: "Mwanangu akiya mzima, hakanyagi kizingiti hichi mpaka nyimbo ile ya Kuze iimbwe hapa mlangoni." Shangazi wakaitikia amina. Mimi ndiye niliyebaki mdomo wazi. Mtungaji ni mwanawe, yumo nyumbani mwake, anakula chakula chake, na Mungu aahidiwe wimbo wa jirani!

Haikupita muda ikaja habari ya meli. Ilikuwa imebeba askari, ikapigwa huko baharini ikazama, na mume wa yule wa Kuze alikuwa ndani yake, chini kwenye makaa. Msiba hauna chama, kwa hiyo tulikwenda wote. Nilikaa katikati ya wanawake wa Kuze, yeye kaketi pembeni na nguo zake za eda, amejiinamia. Bibi mmoja akaanza kuutaja ule wimbo polepole, wengine wakaupokea wakilia. Nami nitasema kama ilivyokuwa: hata siku ile nilimwonea wivu. Nilimhurumia kwa moyo wote, lakini vidole vyangu ndani ya buibui vilikuwa gotini, vinapima mizani. Nilidhani hapana aliyeniona.

Siku vita vilipotangazwa kuisha, meli zote za Kilindini zilipiga honi mpaka popo wakatoka mchana. Mimi nilikwenda kwa mwalimu wetu wa chuo. Nilimwuliza kama mtu akiweka nadhiri juu ya wimbo wa ngoma, nadhiri hiyo ina uzito gani. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema nadhiri ni ya ibada, ya ngoma haimfungi mtu, na kama mama ana wasiwasi na alishe maskini. Nikaja mbio na fatwa yangu.

"Mwambie mwalimu," mama akasema, "mimi sikuweka nadhiri naye."

Ndugu yangu alikuja bila taarifa. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa juu, nikasikia mama amepiga ukelele mmoja. Nikashuka. Yule pale nje, mwembamba, mweusi kuliko alivyoondoka, begi la jeshi begani, na mama amesimama ndani ya mlango kanyosha mikono yote miwili, si kumkumbatia, bali kumzuia.

"Usikanyage! Ngoja hapo hapo, mwanangu."

"Mama, Mjapani hakunizuia. Wanizuia wewe?"

"Nimemuahidi Mungu. Ngoja kidogo."

Akaketi barazani na viatu vyake vizito. Muhindi wa duka la vitambaa lililokabili mlango wetu alitoka na kiti, akaona tayari amekaa, akarudi ndani akaja na chai. Watu wakaanza kujaa. Mama naye kajikunja pale ndani, hatoki, kapitisha mkono mmoja juu ya kizingiti, kamshika mwanawe sikio kama alivyokuwa akimshika utotoni, na machozi yanamtiririka. Akaniangalia mimi.

Nikachukua buibui nikaenda Kuze. Njia nzima nilikuwa nikitunga jinsi ya kumwomba bila kuonekana naomba.

"Hodi."

"Karibu, shoga," akasema. Eda alikuwa amekwisha toka siku nyingi, lakini tangu siku ya meli hakuna aliyemsikia akiimba. Watu wa Kuze walisema ni huzuni. Sisi tulisema ni maringo. Nikamweleza: nadhiri ya mama, kizingiti, ndugu yangu kakaa nje kama mgeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipotaja kwamba amerudi mzima, alikwenda akalitungua tari lake ukutani.

"N'takuya," akasema. "Lakini mimi siimbi. Nyimbo ile nalimtungia wangu arudi. N'takupigia tari. Utaimba wewe."

"Mimi siiyui."

"Waiyua. Siku ya msiba nalikuona, mkono wako chini ya buibui, wahisabu gotini. Waiyua kuliko watu wa Kuze."

Nikautoa mkono chini ya buibui, nikamshikia mlango.

Tulirudi pamoja, na wanawake wa Kuze wakatufuata nyuma mmoja mmoja, hata tukaingia Ndia Kuu tukiwa msafara. Kiongozi wa chama chetu alikuwa dirishani ghorofani, ameegemea mikono yake yenye bangili. Nilijua nikifungua mdomo nimeshuka benchi. Miaka yangu yote ya kutunga, kiti changu, jina langu, vyote vilikuwa juu ya benchi lile. Nikamwangalia ndugu yangu barazani na mkono wa mama sikioni mwake. Tari likalia nyuma yangu, nikafungua mdomo.

Wekani chini silaha. Maneno yalitoka yote, beti kwa beti, bila kosa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa kwa maneno yangu mwenyewe. Dirisha la ghorofani likafungwa. Watu wakaitikia, wa Kuze na wa kwetu, na Muhindi wa vitambaa akaitikia, maana alikuwa ameusikia dukani miaka yote kwa wateja wake wa Kuze. Nilipofika mama havyai shabaha, ndugu yangu alifunika uso kwa mikono. Na hapo hapo tari likanyamaza.

Niligeuka. Alikuwa amelishusha tari kiunoni. Hakuniangalia mimi, aliviangalia viatu vya ndugu yangu, vile vya jeshi, vichafu, vyenye kamba zilizofungwa mafundo. Kisha akamwangalia mama. Wivu naujua, nimeishi nao nyumba moja, sihitaji kuonyeshwa. Niliuona machoni mwake, na wangu wote wa miaka ile ukawa mchezo wa watoto. Nikamaliza beti ya mwisho bila tari.

"Haya, ingia!" mama akalia, akamvuta mwanawe kwa sikio mpaka ndani, na vigelegele vikapasua njia nzima. Watu wote wakamfuata. Tukabaki nje sisi wawili. Alinipa tari mkononi.

"Lichukue. Wewe unaye wa kumpigia."

Nilitaka kulirudisha, lakini alikuwa ameshaondoka, anapita kando ya ukuta, buibui limemfunika mpaka miguuni. Ndani walikuwa wananiita. Wimbo wake nilikuwa nao, tari lake nilikuwa nalo, na ndugu yangu alikuwa anacheka na mama jikoni. Na kwa mara ya kwanza tangu chuoni nilimtazama mwanamke yule nisione kwake kitu hata kimoja cha kumwonea wivu.