Kutoa Si Kuachia

Mara ngapi nimesema mimi si mtu wa kuandika? Wenye kusoma wapo, tena wamesoma mpaka macho yamewaingia ndani, lakini mlango mliokuja kuugonga ni wangu mimi niliyeishia darasa la tatu. "Bibi, andika ya mdogo wako, wewe ndiye unayeyajua." Nayajua, ndiyo. Basi nitaandika kama ninavyosema, na atakayeona herufi imelala upande aisimamishe mwenyewe.

Mdogo wangu huyo ni fundi wa friji. Jina lake la kuzaliwa hata mkewe hulisahau. Watu wote humwita Barafu. Karakana yake ni chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la magodoro. Friji zimepangwa mlangoni kama wagonjwa wanaomsubiri daktari, nyingine zimeachama, nyingine hata mlango hazina. Miaka thelathini na mmoja anazitibu. Akitega sikio ubavuni mwa friji anakuambia papo hapo, "Huyu moyo mzima, damu ndiyo imepungua." Moyo ni ile mota nyeusi ya chini inayonguruma, na damu ni gesi. Bila gesi, friji ni kabati la nguo tu.

Sasa gesi hiyo, kabla fundi hajachomelea bomba lililotoboka, lazima iondolewe iliyobaki. Mafundi wote wa mtaa ule huita kazi hiyo "kutoa gesi". Lishikeni neno hilo. Kutoa gesi ni kuiburuta friji mpaka uani, kukata kibomba chembamba cha shaba, kugeuza uso pembeni, fyuuu, kazi imekwisha. Gesi imekwenda zake juu. Barafu alizoea hata kuiaga: "Haya, nenda salama." Na mkewe, akiwa amemletea chakula cha mchana, akisikia ule mlio huuliza kwa sauti watu wote wasikie, "Baba watoto, ni friji hiyo au ni wewe?"

Kumbe haikuwa inakwenda salama. Serikali ilitangaza kwamba nchi imeahidiana na nchi nyingine kupunguza hewa zinazoifunika dunia kama blanketi na kuipasha joto. Magari yatatazamwa, viwanda vitatazamwa, na mafundi wa friji nao wamo. Kilo moja ya gesi ya friji, walisema, inapasha joto kuliko kilo elfu moja za hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa magari. Dada mtu, yaani mimi, aliposikia hayo alikuja juu. Wenye friji tatu nyumba moja wako ng'ambo huko, halafu wanaoshirikiana friji moja nyumba tano ndio waambiwe wabane?

"Dada," Barafu akamjibu, "joto halibishi hodi kwa tajiri peke yake. Mwaka jana nani alilala sakafuni mwezi mzima?"

Aliyelala sakafuni ni dada mtu huyo huyo. Akachukua upepeo, akajipepea.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi kama kofi. Ukianza mwaka mpya, fundi asiye na cheti hauziwi gesi, na karakana yake inafungwa. Cheti kinapatikana kwa mafunzo ya wiki mbili na mtihani wa mikono. Ukianguka, urudi mwaka unaofuata. Barafu alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kazi nyingine hakuijua, wala hakutaka kuijua. Ukimfungia karakana hiyo umemfungia pumzi.

Akaenda. Kwenye dawati la chuo magoti hayakuingia, ikabidi akae upande kama mtu aliyepanda baiskeli nyuma. Jirani yake wa dawati alikuwa fundi mmoja wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwembamba, wanamwita Waya. Huyo hakumpa nafasi.

"Mzee, samaki mkunje angali mbichi. Wewe umeshakauka, tukikukunja utakatika."

"Mbichi ndiye anayeoza," Barafu akasema. "Nikumbushe wiki ijayo tutazame nani ananuka."

Mwalimu wao alikuwa binti ambaye Barafu angeweza kumzaa mwenyewe, lakini mikono yake ina makovu ya kazi, kwa hiyo Barafu alimheshimu tangu siku ya kwanza. Binti aliwafundisha neno jipya: kuvuna. Hukati bomba ovyo. Unabana kibano, kifaa kinachotoboa bomba bila kuvujisha, unaunga mpira, mpira unaingia kwenye mashine, mashine inainyonya gesi na kuisukuma mtungini, na mtungi umekaa juu ya mizani ili uone umevuna kiasi gani. Hakuna fyuuu. Barafu aliyapenda mambo hayo kuliko alivyotarajia. Nyumbani akawa anayakariri mezani: kibano, mpira, mashine, mtungi. Kibano, mpira, mashine, mtungi. Mkewe akamwambia, "Hata mimi sasa nikafanye mtihani."

Siku ya mtihani ikafika. Mwalimu hakuruhusiwa kusimamia. Alisimama mlangoni, mdomo kafunga. Msimamizi alitoka ofisini, bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa kama karatasi. Friji nne, mafundi wanne. Kila friji ilitiwa gesi gramu mia moja na hamsini. Ukifikisha mtungini mia moja na ishirini, umefaulu. Chini ya hapo, kwaheri.

Bwana akasoma: "Hatua ya kwanza. Toa gesi yote iliyomo kwenye friji. Dakika arobaini. Anzeni."

Toa gesi. Mazoea yana taabu, jamani. Kichwa cha Barafu kilikuwa bado kinatafuta kibano, lakini mkono ulikuwa umeshaitika. Mkono wenye miaka thelathini na mmoja haungoji ruhusa. Ulichukua kikata bomba, ukazungusha mara moja, mara mbili, fyuuu!

"Haya, nen…"

Akakumbuka mtungi. Akakandamiza kidole gumba juu ya tundu. Gesi ikitoka hivyo ni baridi inayouma kama moto. Machozi yakamtoka, lakini kidole hakukiondoa.

"Mzee, unafanya nini?" Msimamizi alikuja mbio.

"Nafanya ulivyoniambia!"

"Nimekuambia utoe gesi!"

"Si ndiyo nimeitoa! Ulitaka niitoe au niivune?"

"Si kitu kimoja hicho?"

"Kwenu ofisini ni kimoja! Kwetu sisi kutoa ni kuachia! Muulize yeyote humu!"

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Kwenye friji ya pili Waya alikuwa ameshakiweka kikata bomba juu ya shaba. Aliposikia maneno yale alikiondoa taratibu, kama mtu aliyegundua fimbo aliyoishika ni nyoka.

Msimamizi akatazama karatasi yake. Akatazama kidole. "Siwezi kukupa friji nyingine, mzee. Ukiachia, umeanguka."

"Nani anaachia?"

Kwa mkono wa kushoto akavuta koleo, akakibana kibomba chini ya kidole mpaka kikawa bapa. Akabana tena. Mlio ukafa. Ncha ya kidole ilikuwa nyeupe kama chaki. Hapo ndipo kichwa kikarudi kazini: kibano, mpira, mashine, mtungi. Mashine ikaanza kunguruma na tarakimu za mizani zikaanza kupanda.

Gesi iliyopotea ilikuwa kiasi gani hakuna aliyejua. Haionekani, haina rangi, haiachi shahidi. Sitini. Tisini. Mia moja na nane. Kisha zikawa kama mzee anayepanda ngazi: mia na kumi na tano, mia na kumi na sita. Zikasimama. Dakika saba zimebaki. Barafu aliiona karakana yake na kufuli mlangoni, akaona na friji za watu zinamsubiri nje kwenye mvua.

Halafu akakumbuka jambo ambalo hakufundishwa na yeyote chuoni. Gesi nyingine haitoki upesi, hulala ndani ya oili, kule kwenye moyo wa friji. Akainama, akachukua nyundo ya mpira, akaanza kuugonga ule moyo polepole, ko, ko, ko, kama anayemwamsha mtoto bila kumtisha.

"Amka mama, amka. Safari hii huendi juu."

Mia na kumi na nane. Ko, ko. Mia na kumi na tisa. Mlangoni mwalimu alikuwa ameshika kichwa. Mia na ishirini na moja. Mia na ishirini na tatu, zikatulia.

Msimamizi alisoma mizani, akavaa miwani, akasoma tena. "Umefaulu, mzee."

Barafu alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Anasema pumzi iliyomtoka hapo ingeweza kujaza mtungi mwingine. Mwalimu alikuja na bakuli la maji ya uvuguvugu, akakitumbukiza kile kidole mwenyewe. Msimamizi hakusema samahani, watu wa ofisini neno hilo huwa ghali, lakini alitoa kalamu, akafuta "toa" kwenye karatasi zote, akaandika "vuna". Waya naye alifaulu.

"Mzee, kidole chako kimeniokoa."

"Nusa kwanza. Nani ananuka?"

Nyumbani mkewe aliona bandeji kabla ya kuona cheti. "Wamekukata kidole na cheti wamekunyima?" Alipokishika cheti mkononi akaketi pale pale kizingitini, akacheka na kulia pamoja. Jumatatu yake karakana ilifunguliwa saa moja kamili, na mpaka leo haijafungwa.

Haya, mimi nimefanya sehemu yangu, na vidole vinaniuma. Wewe unayesoma, shukrani zako sizitaki. Inuka hapo ulipokaa, vuta friji yako ukutani, soma kibandiko cha nyuma, uniandikie ni gesi gani imo. Na siku friji hiyo itakapokufa, usimpe mpasua vyuma chakavu kabla fundi mwenye mtungi hajaivuna gesi yake. Niandikie na jina la fundi huyo. Nangoja.