Nilipiga nduru ya filamu Ogembo, wakamkamata anko wangu kweli

Wakuu, hamjambo.

Mimi ni wale wa kusoma na kupita. Mwaka mzima nimesoma nyuzi zenu bila kuandika hata neno moja. Leo naandika kwa sababu kuna klipu inazunguka kwenye magroup, na chanzo chake ni mimi. Haya yote nimeyatoa kwa diary yangu. Nilichoruka ni zile kurasa za kulia tu, hizo hazitawasaidia.

Ilianza Ijumaa, saa tisa na dakika ishirini alasiri, likizo ya Agosti, pale Ogembo.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo.

Niko Form Three. Kwetu ni Ikonge, upande wa Nyamira. Siongei. Si kiburi, ni vile maneno yakifika kooni yanageuza kurudi. Mwalimu akisoma rejista mimi huinua mkono tu.

Anko Mogaka, kaka yake mama, ni mtu wa boda hapo Ikonge na ni shemasi kanisani kwetu. Barabara ya majani chai ikinyeshewa, wengine wanasukuma, yeye anapita. Ndiyo maana watu wa filamu kutoka Nairobi walimtafuta.

Filamu yenyewe ilikuwa kali, wakuu. Kuna karani wa kupima majani chai, mpole, kila mtu anampenda. Kuna jambazi maridadi: suti nyeupe, miwani nyeusi, mkoba mwekundu. Wote wawili wana sura moja. Jambazi akiiba, karani ndiye anakamatwa, unamhurumia mpaka mwisho. Halafu unagundua hawakuwa watu wawili. Ni karani tu, tangu mwanzo.

Niliposikia hiyo twist nilishika mdomo.

Sasa, mwigizaji mkuu hajui kuendesha pikipiki. Kila scene ya pikipiki ilikuwa ya anko, amevalishwa suti kama ile na miwani kama ile. Suti zilikuwa mbili. Ukiwaona kwa mgongo, hata mke wa anko asingejua bwanake ni yupi.

Mimi nilienda kumsindikiza tu. Dada wa mavazi akaona mwandiko wangu, akanipa daftari. Kazi yangu ikawa kuandika suti namba moja ina nini, namba mbili ina nini, matope yako wapi, kifungo gani kimetoka. Kazi ya siku nzima bila kuongea! Nilijiona niko mbinguni.

Hapa ndipo makosa yalijipanga moja nyuma ya lingine.

Scene ya jambazi kutoroka na mkoba ilikuwa ifanyike barabara ya juu, na mwenyekiti wa boda wa Ogembo alikuwa ameambiwa hivyo. Mvua ya mchana ikaiharibu. Dairekta akahamisha kila kitu chini, karibu na soko. Mwenyekiti hakuambiwa tena.

Kamera waliificha ghorofani, nyuma ya pazia, ili watu watembee kawaida wasiangalie lenzi.

Na pikipiki ya anko waliibandika namba ya karatasi juu ya namba yake ya kweli.

Mama aliyekuwa apige kelele hakutokea, alikuwa ameenda matanga. Dairekta akaangalia huku na huku, macho yakanifikia.

"Wewe. Unaweza kupiga kelele?"

Nikatikisa kichwa.

Anko akacheka. "Huyu? Huyu akiumwa na siafu anaandika barua."

Wote wakacheka. Nikasikia uso unachoma. Sijui ni nini kiliniingia, nikasema nitapiga.

"Piga kama umeibiwa," dairekta akasema. "Anko akishaondoka na mkoba, piga."

Wakuu, mimi sijui kelele za filamu. Nduru ninayoijua ni moja, ile nyanya alitufundisha. Unaanzia chini tumboni, mkono mdomoni, unapandisha mara tatu, halafu unataja njia mwizi amefuata. Kwetu hiyo haichezewi. Tukiwa wadogo, mtoto akiipiga kwa mchezo alikuwa anachapwa mpaka na majirani. Kwa sababu ikipigwa, kila aliye na miguu anatoka.

Anko akatoka dukani na mkoba mwekundu, akapanda pikipiki, akavuta mafuta, akachomoka.

Nikapiga.

Sikujua nina sauti hiyo. Ilitoka kama si yangu. Nikataja na njia, mama wee, nikataja na njia: "Ameenda chini! Kwa daraja!"

Soko zima liligeuza vichwa. Halafu nikasikia pikipiki zikiwaka. Si moja. Steji yote ya boda.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwa matope, mpaka leo sijakiona.

Nilipofika, walikuwa wamemziba njia karibu na daraja. Anko yuko chini, suti imekuwa rangi ya udongo, sikio linatoka damu. Walikuwa wakiongea Ekegusii, nawawekea kwa Kiswahili.

"Ni filamu, ndugu zangu! Tunaigiza!" anko anasema.

"Kila mwizi ana filamu yake. Kamera iko wapi?"

"Iko ghorofani!"

"Hata Mungu yuko juu. Mwite basi."

Kijana mmoja akakwangua namba ya pikipiki kwa kucha. Karatasi ikatoka.

"Namba ni ya karatasi!"

Hapo mambo yalibadilika. Mtu wa boda anaweza kusamehe vitu vingi, lakini pikipiki ya kuibiwa hapana. Anko ni wa boda, alijua. Nilimwona akiacha kujitetea. Nikasikia mtu akifungua kifuniko cha tangi, na harufu ya petroli ikanifikia pale nilipokuwa.

Kisha wakaniona.

"Ndiye huyu msichana! Yeye ndiye alipiga nduru!" Wakanifungulia njia. Mama mmoja muuza ndizi akanishika bega kwa upole kabisa. "Usiogope, mwanangu. Sema tu. Ni huyu?"

Lilikuwa limebaki neno moja. Hapana. Silabi tatu.

Na maneno yangu yakafika kooni, yakageuza.

Kimya changu wakakisoma kuwa ni ndiyo. Mtu akampiga anko teke la mbavu.

Nilienda nikamlalia. Sikupanga. Nilijikuta tu juu ya ile suti, nikisema, mdomo ukiwa kwenye kitambaa, "Ni anko wangu. Nilidanganya. Ni anko wangu."

Mnajua yule mama alisema nini? "Mtoto ametishwa huyu. Ile nduru haikuwa ya uongo. Mimi nimezaa wanane, najua nduru."

Yaani ukweli wangu ulishindwa na uongo wangu mwenyewe.

Nilichokumbuka ni daftari. Lilikuwa bado kwapani. Kuongea siwezi, lakini kusoma ninaweza, hata darasani nasoma. Nikafungua, nikaanza kwa sauti:

"Suti namba mbili. Kifungo cha tatu hakipo. Goti la kushoto lina matope, yamepakwa kwa brashi. Ndani ya koti kuna pini mbili. Mkoba mwekundu una magazeti tu."

Mtu akahesabu vifungo. Mwingine akapekua koti, pini mbili. Mwingine akafungua mkoba, magazeti yakamwagika.

Wakati huohuo yule mwigizaji akatokea mbio kutoka juu, suti nyeupe, miwani nyeusi.

"Wako wawili!" mtu akapiga kelele, na nusu ya watu wakamgeukia yeye. Akavua miwani haraka akainua mikono. Msichana mmoja wa saluni ndiye aliyemwokoa: "Hebu mwacheni! Huyu ni wa TV!"

Wakacheka. Wakuu, walicheka! Wale wale. Mmoja akaomba picha. Yule aliyefungua tangi alimwinua anko, akampangusa vumbi, akamwambia, "Pole sana, bwana harusi."

Mama wa ndizi peke yake hakucheka. Aliniambia polepole, na hili ndilo funzo langu, sina lingine: "Usirudie kupiga nduru bure. Siku utakapoipiga kweli, sisi tutakaa tukiuza ndizi."

Nilidhani imeisha hapo.

Jioni tulipofika Ikonge klipu ilikuwa imefika kabla yetu. Ni zile sekunde za anko akiwa chini, na maandishi: mwizi wa pikipiki anaswa Ogembo. Sehemu ya kusoma daftari haikurekodiwa. Kucheka hakukurekodiwa. Abiria wake wa kila siku, mwalimu mmoja, alipita akapanda pikipiki ya mtu mwingine. Anko alichuchumaa kando ya pikipiki yake. Alibandua tu mabaki ya gundi kwenye namba yake, akabandua, akabandua, hata pale palipokuwa pameisha.

Mimi nilishindwa kukaa, nikashindwa kulala. Kila nikifumba macho naulizwa, ni huyu?

Kwa hivyo ukitumiwa hiyo klipu, tafadhali mtumie aliyekutumia huu uzi. Na kama kuna mtu humu amewahi kukamatwa kwa jina lisilo lake, aniambie jina hurudi vipi. Nauliza kwa kweli, nitasoma zote hata nisipojibu.

Asubuhi baada ya ile Ijumaa ilikuwa Sabato. Anko alikuja na plasta sikioni, na badala ya kwenda mbele kwa mashemasi akakaa benchi ya mwisho, peke yake. Mzee wa kanisa akauliza kama kuna mwenye ushuhuda.

Nikasimama. Sauti ilikuwa imekauka kwa ile nduru, ikatoka kama ya chura.

"Aliyepiga nduru Ogembo ni mimi. Haikuwa ya kweli. Yule mnayemwona kwa simu ni shemasi wenu."

Kisha sikurudi mahali pangu. Nilichukua Biblia yangu, nikatembea katikati ya kanisa lote likiniangalia, nikaenda nikakaa naye benchi ya nyuma.