Mirathi Niliyoitunga Saluni

Saluni yetu ilikuwa karibu na soko la Warwick, Durban, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simu. Mwenyewe alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, tukimwita Mama tu, mcha Mungu kiasi kwamba drayeri ikigoma aliikemea kwa jina la Yesu kwanza, ndipo aite fundi. Mimi Mtanzania nilikuwa msusi. Kinyozi alikuwa Mkongo pia, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mkono mwepesi. Na ukutani kulikuwa na runinga, ambayo kwa maoni yangu ilituletea wateja wengi kuliko mikono yetu yote.

Shida ya runinga ya Durban ni kwamba inasema Kizulu, na ikichoka inasema Kiingereza. Wateja wetu wengi walikuwa bado wageni wa lugha zote mbili. Kinyozi alizisikia kama mimi, ila hakupenda kusema mbele za watu. Basi nikateuliwa kuwa mtafsiri, cheo kisicho na malipo, kama vyeo vyote nilivyowahi kupewa. Kazi hiyo niliijua tangu utotoni Tanga, kwenye banda la video la mtaa wetu, ambako jamaa mmoja alishika kipaza sauti akatafsiri sinema za Kichina kuanzia mwanzo hadi mwisho, wazee, wasichana na majambazi, na Kichina chenyewe hajui hata salamu. Watu walimwamini kuliko redio. Kwake nilijifunza kanuni moja tu: ukikwama, tunga.

Ndipo ikaja ile tamthilia, marudio yake kila Jumamosi mchana. Mwalimu wa shule anafukuzwa kazi kwa sababu imejulikana kwamba yeye na dereva mmoja wa teksi, mwanamume mwenzake, wanapendana na wanaishi pamoja. Anakwenda mahakamani. Wenzake wanaandamana, wanapigwa, wanaandamana tena. Ilikuwa hadithi ya jinsi haki za watu wa aina yao zilivyopiganiwa katika nchi hii mpaka zikaingia kwenye katiba. Katiba nzuri sana, sina ubishi nayo. Bahati mbaya ilikuwa haijapanda ngazi za saluni yetu.

Ningeweza kusema ukweli, Mama angezima runinga, nasi tungerudi kwenye habari za bei ya nywele bandia. Lakini nilijua kitu kimoja. Muda mrefu kabla ya hapo, tukila chipsi nyuma ya saluni, kinyozi aliniambia kwamba binamu anayekaa naye kule Jacobs, yule anayefanya kazi kiwandani, si binamu. Alinitazama kuona kama nitaacha kula. Sikuacha, chipsi zilikuwa za moto. Sasa nikafikiria jinsi akina mama wateja wangewasema watu wa aina yake chini ya ile runinga, hata ikiwa imezimwa, Jumamosi baada ya Jumamosi, na yeye amesimama pale pale na mashine mkononi, anasikia. Nikafikiria pia kwamba Mama alishamfukuza msusi kwa suruali iliyochanika magotini tu. Kinyozi hakuwa na kazi nyingine, wala watu wengine Durban isipokuwa sisi na kanisa lake.

Kwa hiyo nikatangaza kwamba hawa ni ndugu wawili, baba yao amefariki, na baba mdogo mwenye roho mbaya anataka kuwadhulumu shamba.

Saluni ilipokea hadithi kwa mikono miwili. Nani hajadhulumiwa shamba? Waandamanaji wakawa warithi wenzao. Bendera ya rangi nyingi nikasema ni ya chama cha warithi. Mkuu wa shule, masikini, nikamfanya baba mdogo, na kila akitokea alilaaniwa kwa lugha tatu. Kisha Jumamosi moja mwalimu na dereva wakabusiana, mdomo kwa mdomo, na kamera ikaganda hapo hapo kama haina kwingine pa kwenda. Nikasema mdogo mtu amezimia kwa moshi wa mabomu ya polisi, na kaka yake anampa pumzi.

"Mungu amusaidie," akasema Mama.

Mungu akamsaidia. Mdogo mtu alifumbua macho na kutabasamu.

Aliyeguswa kuliko wote alikuwa shemasi wa kanisa la kina Mama, ambalo ndilo kanisa la kinyozi pia. Alikuja kunyolewa kila Jumamosi ili Jumapili ang'ae. Siku ya busu alitoa kitambaa akajipangusa macho. Halafu akapewa zamu ya kuhubiri, na akahubiri tamthilia yangu. Aliwasimulia waumini habari za ndugu wawili wa Durban, jinsi mmoja alivyompa mwenzake pumzi yake mwenyewe, akawataka wote wapendane vivyo hivyo. Kanisa zima likaitikia amina. Kinyozi na binamu yake walikuwa benchi la tatu.

Kinyozi aliponisimulia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Dada," akasema, "kanisani mimi niko cousin. Kwa mwenye nyumba, cousin. Sasa hata mu televizyo umetufanya ndugu. Ni fasi gani mimi nitapenda mutu bila kuwa ndugu yake?"

Nilikasirika. Nikamwambia jasho lote lile nalitoa kwa ajili ya kumlinda yeye.

"Najua," akasema. "Asante. Lakini nimechoka."

Nikarudi kusuka, na Jumamosi iliyofuata nikawaongezea ndugu zangu wa runinga mbuzi wa urithi.

Kipindi cha mwisho saluni ilijaa, hata waliokwisha kusukwa waligoma kuondoka. Shemasi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Mahakamani, wakili alimwuliza mwalimu: huyu aliyekaa nyuma yako ni nani kwako? Mwalimu akageuka kumtazama dereva. Nikafungua mdomo. Nyuma yangu mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Anasema ule ni mupenzi yake," kinyozi akasema. "Hapana ndugu. Shamba hakuna. Banapendana tangu siku ya kwanza, na ni juu ya ile tu balimufukuza kazi."

Akaendelea. Alitafsiri wakili, alitafsiri hakimu, neno kwa neno, sauti inatetemeka mwanzoni, baadaye haitetemeki. Mwalimu akashinda kesi. Katika saluni yetu hakuna aliyepiga makofi.

Shemasi aliinuka na shuka shingoni, akaenda mpaka mlangoni. Pale juu ya ngazi akajishika kichwa. Chini kulikuwa na soko zima, na nusu ya waumini wake wanauza humo. Akarudi, akaketi, akafumba macho.

"Malizia," akasema.

Kinyozi alimalizia. Sijawahi kuona kichwa kilichonyolewa kwa uangalifu kama kile.

Mama alinigeukia mimi. "Na ile siku ya moshi? Hakuzimia?"

"Hakuzimia, Mama."

"Mimi nilifunga kula juu ya ile shamba."

Hasira yake yote iliishia kwangu, na nikaibeba kwa furaha. Kwa kinyozi alisema maneno mawili, fagia nywele, kisha akazima runinga akaenda kuhesabu taulo. Hakuna aliyejua kama hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kabla ya kumfukuza, na kinyozi alifagia akiwa hajui.

Wateja watatu hawakurudi. Shemasi alihamia kwa kinyozi mwingine, na kila Jumapili kisogo chake kinaonyesha. Jumamosi iliyofuata kiti kilikuwa kitupu saa zake, na kupitia mlangoni akaingia mwanamume mwenye ovaroli ya kiwandani, kofia mkononi, asijue pa kutazama. Kinyozi akamkalisha na kumfunga shuka.

Mama aliwasogelea. "Huyu ni cousin kweli?"

Kinyozi alishusha mashine. Kazi yake, chumba cha Jacobs, benchi la tatu, vyote vilining'inia kwenye jibu hilo.

"Hapana, Mama."

Mama akavuta pumzi, akaniambia nimwekee mgeni chai.